Tuliagwa, Tukarudi Darasa la Nane

Enzi zetu mtu akiagwa kanisani alikuwa ameagwa kweli. Hakuna aliyeombewa safari Jumapili akaonekana Jumatatu akichota maji mtoni na wenzake. Ila sisi. Sisi tuliokuwa darasa la saba mwaka ule mfumo wa elimu ulipogeuzwa, tuliagwa kwa nyimbo na soda, tukapewa zawadi, tukaliliwa, kisha Januari tukarudi shule ileile ya msingi. Mpaka leo, nikiwa na miwani ya kusomea puani, sijaelewa sawasawa ilikuwaje. Kama na wewe ulikuwa wa kundi lile la kwanza la mfumo mpya wa nane-nne-nne, wa miaka minane ya msingi, sogea karibu tukumbushane, maana peke yangu nachanganya.

Kwetu ni upande wa Kitale, mashamba ya mahindi mpaka macho yachoke. Kijiji kilikuwa na watu wa makabila kama sita, kwa hiyo Kiswahili tulikinyonya pamoja na maziwa. Shuleni ukishikwa ukiongea lugha ya kwenu ulivishwa kibao shingoni, ukazunguka nacho mpaka umnase mwingine umvishe. Siku hizi naishi Sydney, mtaa wa Quakers Hill, na binti yangu Neema namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Kile kibao ningekuwa nacho hapa ningemvisha yeye, kwa kosa la kinyume.

Shule yetu ilikuwa na vyumba saba kwa madarasa saba, vimepangwa mstari mmoja, na baada ya cha saba kulikuwa na mipera halafu shamba la mtu. Nakumbuka harufu ya Ijumaa. Wasichana walikuja na mikebe ya kinyesi cha ng'ombe, wavulana wakaja na maji, tukazipaka sakafu kwa mikono mitupu, kisha tukanawa tukaanza hesabu. Nakumbuka maziwa ya shule, zile pakiti za pembe tatu ambazo ukizitoboa vibaya zinakurukia machoni. Wapo walioficha zao ndani ya sweta wakazipeleka nyumbani, zikafika vuguvugu, na mama zao wakazipokea kama kitu cha ng'ambo ilhali zizini wana ng'ombe wawili wanaokamuliwa.

Kitabu kimoja tulisoma wanne. Mwenye kitabu alikaa katikati, na wa pembeni kabisa alisoma kwa kukisia. Mimi nilikuwa wa pembeni, na nadhani ndiyo maana mambo mengi ya dunia hii bado nayakisia. Penseli ilikatwa katikati, nusu yako nusu ya mdogo wako. Neema yeye, intaneti ikizungukazunguka kidogo tu, anashika kichwa na kutangaza kwamba maisha yake yameharibika. 

Sasa, desturi ya kuaga. Kila Novemba kanisa letu liliwaita mbele watoto wa darasa la saba. Mchungaji alimwekea kila mmoja mkono kichwani, kina mama wakapiga vigelegele, na kila mtoto akapewa kitu cha kwenda nacho ukubwani: taulo, beseni, kipande cha sabuni. Mwenye bahati alipewa sanduku la bati, kwa sababu bila sanduku huendi sekondari ya bweni. Baada ya hapo hukuwa mtoto tena. Hata wale uliocheza nao mpira wa kati jana yake walikupisha njiani.

Mwaka wetu minong'ono ilikuwa mingi. Redio ilisema kutakuwa na darasa la nane. Wengine wakasema hilo ni la watoto wa mjini. Wengine wakasema la nane ni jina jipya la kidato cha kwanza, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Mtihani wa darasa la saba tuliokuwa tukiuogopa tangu tukiwa wadogo haukuja, na hakuna aliyetueleza umekwenda wapi. Wazee wa kanisa walimwendea Mwalimu Mkuu, Bwana Wafula, wakamuuliza kama ibada ya kuaga iendelee. Alikuna kidevu, akasema kwa kweli hajui, lakini kuagwa hakujawahi kumdhuru mtu. Basi tukaagwa.

Mama alinipa sanduku la buluu. Fundi alikuwa ameandika juu yake NAFULA kwa rangi nyeupe, na kwa furaha zake, bila kuombwa, akaongeza FORM ONE. Chebet, rafiki yangu wa chanda na pete, aliyekuwa akilelewa na mjomba wake, alipewa beseni la rangi ya waridi. Chebet ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa kumi huko kwa kukisia. Tulitoka kanisani tukiwa tumeshikana mikono, yeye na beseni lake kichwani, mimi na sanduku limenilemea upande mmoja, tukitembea polepole kama maharusi ili watu watuone vizuri.

Desemba ikaja habari ya uhakika. Darasa la nane lipo, ni letu, na litakuwa palepale. Tatizo ni kwamba chumba hakuna. Wazazi wakaitwa, mipera ikafyekwa, na likizo nzima wakajenga. Kina baba walipanga matofali. Kina mama walibeba maji ya udongo na saruji kutoka mtoni, kilima kizima, ndoo kichwani. Mama yangu hakuwahi kusoma hata siku moja, lakini alibeba maji Desemba yote, akirudi jioni shingo imekakamaa na kutuomba tumkande kwa kitambaa cha moto.

Shule ilipofunguliwa nikasema siendi. Chebet naye alikuwa amesema haendi, na tuliapiana. Aibu ile siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuagwa. Nilimwambia Mama kwamba nimeshaombewa, mchungaji ameshanishika kichwa, dawati langu limesharithiwa, sasa nirudi kuwaambia watu nini? Nilisema pia, na hapa nadhani nilipiga mguu chini, kwamba sanduku langu limeandikwa FORM ONE.

Mama alikuwa anafunga kilemba. Hakugeuka.

"Nafula," akasema, "maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Mimi nimeyabeba, wewe utayaoga. Ukuta ule una maji yangu ndani. Huwezi kuniambia ndani yake hataingia mtu."

Akachukua ndoo kwa mkono mmoja, na mimi kwa mkono wa pili, tukateremka. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha, na paa hakuna. Ndani hakukuwa na dawati hata moja. Alinisukuma pale mlangoni pasipo na mlango, kisha akasimama nje. Kwa urefu wa ukuta ule angeweza kuniona bila taabu, lakini hakutazama. Alimuuliza Bwana Wafula kwa heshima, kana kwamba mimi ni mzigo wa posta:

"Mwalimu, ameingia?"

"Ameingia, Mama Nafula."

"Basi," akasema, akajitwika ndoo akaenda mtoni.

Kesho yake nilikuja na lile sanduku la bati, nikaligeuza kiti. Mwaka mzima nilisoma darasa la nane nikiwa nimekalia FORM ONE.

Na tulisoma nini? Mungu anisamehe, hata walimu hawakujua. Tuliambiwa mfumo mpya ni wa kujitegemea, kwa hiyo mwalimu wa hesabu akapewa somo la ushoni, na alishika sindano kama mtu anayeshika nyoka. Wavulana walifuma vitambaa vya meza. Wasichana tulichonga miiko na kuranda mbao. Tulioka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ikatoka ngumu upande mmoja na mbichi upande mwingine, na Bwana Wafula akaila yote kwa ajili ya serikali. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini mtoto wake anapoteza mwaka kujifunza kupika ugali ambao anaupika nyumbani kila siku.  Bwana Wafula alimwambia tu, "Kawia ufike," neno alilotuambia sisi kila asubuhi, na nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe pia.

Chebet hakuja. Nilipita kwao kila nikitoka shule, nikamkuta anapura maharagwe au anafua. Nilimsimulia habari za keki akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwambia kwamba sasa hakuna anayetucheka, kwamba tumezoea. Akasema sawa, atakuja wiki ijayo. Juma lililofuata akasema wiki ijayo. Mjomba wake, mtu mpole tu, alisema yeye aliahidi miaka saba na miaka saba imekwisha, sasa huo wa nane ni wa nani? Hakumkataza wala hakumpeleka. Kabla mvua za masika hazijaisha Chebet alikuwa ameolewa upande wa Cherang'any. Siku nilipoenda kumuaga alikuwa ameweka nguo zake ndani ya lile beseni la waridi.

Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari, nikawa nesi, nikafika huku. Kila nikiulizwa nilifikaje huwa nasema ni neema ya Mungu, na ni kweli, lakini moyoni namwona mama na ndoo. Na kila nikimkumbuka mama, Chebet anakuja nyuma yake.

Haya yote nilikuwa nimeyakunja nikayaweka, mpaka ulipokuja mwaka wa pili wa korona.

Mnaoishi magharibi ya Sydney mnaukumbuka. Helikopta juu, askari barabarani, saa tatu usiku kila mtu ndani. Kila asubuhi viongozi walisimama kwenye televisheni kutusomea idadi ya wagonjwa na masharti mapya, na nikiwa nimetoka zamu ya kutunza wazee, pua inauma kwa vile vijiti vya kupima, nilijaribu kuyashika masharti hayo yakaniteleza. Upande huu wa barabara ruhusa, upande ule marufuku. Kazini nenda, kwa dada yako usiende. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa akiniuliza, "Leo tunaruhusiwa nini?" nami namjibu, "Ngoja kwanza nimuulize Neema."

Neema alikuwa mwaka wa kumi na mbili, mwaka wa mwisho. Wanafunzi wa siku hizi, tuliokaa juu ya bati tuseme nini? Alihudhuria shule akiwa kitandani, nguo ya kulalia chini, sweta la shule juu, kamera imezimwa, na mwalimu maskini anaongea na vijisanduku vyeusi. Kanisa letu la Waswahili, ambalo hukutana Mount Druitt, liliamua kuwaombea wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa Zoom. Majina yakasomwa, mchungaji akainua mkono mbele ya kamera, kina mama tukapiga vigelegele huku nusu yetu tumesahau kuwasha sauti. Neema na wenzake wakaagwa. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba mtihani umesogezwa mbele. Na sherehe yao ya kuvaa magauni, ambayo gauni lake lilikuwa tayari linaning'inia mlangoni, hakuna aliyejua kama itakuwepo.

Hapo ndipo mtoto wangu alipovunjika moyo. Alikuwa na kibarua cha kupakia bidhaa kwenye ghala mwisho wa wiki, na ghala lilikuwa linahitaji watu kuliko wakati wowote. Akatuambia mezani, kwa utulivu uliotuogopesha, kwamba haendi kwenye mtihani, wameshaagwa na anaona aibu, atafanya kazi tu.

"They've said goodbye to us already, Mum. It's embarrassing. I'm over it. I'll just work."

"Na shule?"

"Maybe later. I'll look at it next week."

Wiki ijayo. Nilihisi mgongo umeingia baridi. Baba Neema akafikiri nimeanza homa, akaenda kuleta kipimo.

Kesho yake nilimpigia Mama Furaha, mama wa Kikongo ninayefanya naye kazi, ambaye binti yake pia alikuwa mwaka huo. Nikalalamika kwamba Neema amekuwa mvivu. Akanikatiza.

"Hapana, Nafula. Ile ni haya, haiko uvivu. Kwetu ma-école, mashule zote, zilifungwa juu ya vita, tukarudilia classe moja mara tatu. Lakini wote tulirudilia, hakuna wa kucheka mwenzake. Wako anarudilia peke yake mu chambre, mu chumba yake ya kulala. Ndiyo inamuumiza."

Nilikata simu nikabaki nimeishika. Aliyoyasema yalikuwa kweli, na sikujua nifanye nini nayo.

Jumapili tukampigia Mama yangu Kitale kwa video. Yeye huweka simu sikioni hata ikiwa video, kwa hiyo tunaona sikio lake tu na hereni moja.

"Neema amemaliza shule?" akauliza.

"Bado, Mama. Wamesogeza mtihani."

"Wamewaongezea darasa?"

"Hapana. Yaani, ndiyo. Ni kama wamewaongezea."

"Limejengwa wapi?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba huku wanasomea nyumbani, kwa kompyuta.

"Nyumbani chumba gani?"

"Kitandani, Mama."

Hereni ikatikisika. 

"Mtu hasomi darasa la nane kitandani," akasema. "Jengeni."

Baba Neema alinitazama. Aliuliza swali moja tu, gari lake atalilaza wapi, nikamwambia nje kama magari mengine. Mchana huo tukatoa vyombo vyote gereji, tukafagia utando wa buibui, tukaingiza meza ya uani, zulia kuukuu, taa na hita. Jasho lilinitoka. Mgongo ulinikumbusha kwamba mimi si msichana wa kupaka sakafu tena. Neema alikuja akasimama mlangoni na kikombe cha maziwa na nafaka.

"Mum, it's a garage."

"Ni darasa," nikasema. Akarudi kitandani.

Siku ya kwanza hakuingia. Ya pili vilevile. Nikaona ukuta ninao lakini mtu wa ndani sina, na sikuwa na ujasiri wa kumburuta kama nilivyoburutwa, maana ana miaka kumi na minane na ni mrefu kuliko mimi. Basi nikachukua karatasi za mradi wake wa historia alizozichapisha akaziacha jikoni, nikaingia gereji mwenyewe, nikakaa, nikaanza kuzisoma kwa sauti.

Mradi ulihusu jinsi shule za umma za Marekani zilivyokua. Kwa nini mtoto wa Kitale aliyezaliwa Sydney aandike juu ya Marekani, sijui, lakini nilisoma. Nikasoma kwamba zamani sana, kule Massachusetts, walianzisha shule ili watoto waweze kusoma Biblia. Kisha wakaja watu waliosema shule iwe ya watoto wote na ilipiwe kwa kodi ya wote, hata wasio na watoto. Nikasoma kwamba ilitungwa sheria mtoto alazimishwe kwenda, na kwamba kabla ya hapo wakubwa na wadogo walichanganywa chumba kimoja na mwalimu mmoja, ndipo wakagawanywa kwa umri. Madarasa manane. Halafu sekondari miaka minne. Halafu chuo miaka minne.

Nikarudia. Nane. Nne. Nne.

"Neema!" nikapiga kelele. "Neema, hii ni yetu!"

Nikaongeza sauti.

"Wamarekani wamechukua nane-nne-nne yetu!"

Nikasikia miguu ukumbini. Alikuja amekunja uso, blanketi mabegani.

"Mum. It's the other way round. They had it like a hundred years before you."

"Yaani darasa la nane limetoka kwao?"

"I don't know. Maybe. Where did yours come from?"

 Nilikaa pale katika gereji nikijiuliza kwa mara ya kwanza nani hasa aliupanga mwaka ule, kama kuna mtu alikaa mahali akatazama Marekani akahesabu mpaka nane, au ilitokea tu. Keki ya Bwana Wafula, sindano, mipera iliyofyekwa, Chebet. Nikamwambia Neema sijui. Nikamwambia hatukuulizwa. Tuliagwa, kisha tukaambiwa turudi.

"Wait," akasema. "They said goodbye to you? And then you had to go back?"

Sikuwahi kumsimulia. Mtoto wangu mwenyewe, miaka kumi na minane. Nikamsimulia yote, kibao, sanduku, ukuta, na Chebet na wiki zake zijazo. Alicheka pale kwenye FORM ONE. Kwa Chebet hakucheka. Akavuta kiti cha pili akakaa, akanipokonya karatasi, akasema nilikuwa naruka sehemu muhimu kuliko zote. Akanisomea jinsi watoto weusi walivyotengwa katika shule zao duni, mpaka mahakama kuu ya nchi ikaamua kwamba kuwatenga si haki, na jinsi siku za kwanza za kuingia pamoja baadhi yao walivyopita katikati ya watu wazima wanaowazomea.

"Watoto?" nikauliza. "Nani aliwafikisha mlangoni?"

"Some had guards. Some had their mums."

"Na wakishaingia, mama zao walikuwa wapi?"

Akafikiri. "Outside, I guess. Waiting to hear they got in okay."

Nje, wakingoja kusikia kwamba wameingia salama: machozi yalinijia nikasingizia vumbi la gereji.  Neema aliwasha taa, akafungua kompyuta, na nilipoondoka kwenda kuandaa chakula alikuwa bado amekaa pale. Siku iliyofuata aliingia mwenyewe. Alilalamikia baridi, buibui, na mimi, hasa mimi, kwa kuwa kila siku nilichungulia na swali jipya ambalo jibu lake sikulielewa. Lakini kamera aliiwasha. Baadaye nilisikia kutoka ndani ya kompyuta sauti ya binti wa Mama Furaha, naye anasomea varandani kwao, na wengine wawili watatu, wanacheka na kuulizana tarehe za vita.

Mtihani ukafika Novemba, mijakaranda ya mtaa imechanua zambarau. Nilimpeleka kwa gari nikiwa nimetoka zamu, bado nina sare. Getini palikuwa na mwalimu mwenye barakoa, akaniambia kwa upole kwamba wazazi hawaruhusiwi kupita hapo. Neema akaelekeza simu yake kwenye msimbo wa kujisajili getini, akanipungia mkono bila kugeuka, akapotea nyuma ya jengo. Ukuta ulikuwa mrefu, mzima, wenye paa. Sikuweza kuona kitu.

Nilisimama. Mwalimu akanitazama kama anayeuliza kama nimesahau jambo.

"Has she gone in?" nikamuuliza.

"She's in, love."

"Basi," nikasema, naye sijui alielewa nini.

Nikiwa ndani ya gari nikampigia Mama. Lilipokea sikio.

"Ameingia?"

"Ameingia, Mama."

"Basi." Kisha, kabla sijakata, akaniambia kwamba huko nyumbani mfumo unageuzwa tena. Darasa la nane linaondolewa, watoto watakuwa wanasoma kwa hesabu nyingine asiyoielewa, na shule imewaita watu wakajenge vyumba vipya.

"Na ukuta wetu?"

"Hawajui utaitwaje. Wametuambia tuje tu."

"Wewe huendi, Mama. Huna shingo ya ndoo."

"Ndoo hapana," akasema. "Nitabeba birika."

Enzi zetu hatukuelewa lolote na tulikuwa wengi. Watoto wa leo wanaelewa kila kitu, wana simu ya kuwaeleza, lakini wanaelewa wakiwa peke yao chumbani na mlango umefungwa. Sijui lipi ni gumu zaidi. Nilibaki nimeegesha pale nje ya shule mpaka kengele ikalia, nikimwaza bibi wa miaka themanini anayepanda kilima na birika la maji, kwa ajili ya darasa ambalo bado halina jina.